Shule ya Mwisho Kwenye Orodha

Barua ilikuwa imeshapigwa mhuri kabla Mama Bibi hajakaa kwenye kiti. Aliiona pale juu ya meza ya mwalimu mkuu, imekunjwa mara mbili, jina la binti yake limeandikwa kwa wino wa buluu, na hapo hapo akajua kwamba maneno yote yatakayofuata ni ya kupambia tu.

"Karibu, mzazi, karibu. Habari za cherehani?"

"Nzuri, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ile suruali uliyonishonea, hata afisa elimu ameisifia."

Mama Bibi alikuwa fundi, na nusu ya sare za shule ile zilikuwa zimepita mikononi mwake. Shule yenyewe watu waliiita Namba Moja. Ilikuwa na jina lake rasmi, limeandikwa getini kwa rangi, lakini wilaya ile ilikuwa na shule za serikali arobaini na moja, na kila mwaka matokeo ya mtihani yakitoka, ofisi ya elimu ilizipanga kwenye orodha kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho na kuibandika ukutani kila mtu aisome. Shule hii ilikuwa imeongoza miaka sita mfululizo. Jina rasmi likabaki la getini.

"Mzazi, sisi hatumfukuzi mtoto," mwalimu mkuu alisema. "Hilo neno kufukuza sitaki hata kulisikia. Tunakushauri tu."

"Mnanishauri nini, mwalimu?"

"Umtafutie shule inayoendana na mwendo wake. Mwakani anaingia darasa la mtihani, na darasa lile ni kama kikosi. Mmoja akichechemea, wastani wote unachechemea."

"Amefanya kosa gani?"

"Hana kosa hata moja! Ana adabu, ni msafi, hachelewi. Ana roho nzuri sana." Mwalimu mkuu akafungua viganja vyake, kama anayeonyesha kwamba hana alichoficha. "Lakini roho hatuitungii mtihani."

"Amekuwa hapa miaka sita."

"Ndiyo maana tumevumilia."

Mama Bibi alilirudia neno hilo moyoni. Mtu huvumilia jino, huvumilia mlevi wa jirani. Alichukua barua, akasema asante, kisha akajichukia kwa kusema asante.

Nje, binti yake alikuwa amesimama karibu na ukuta, mkoba mgongoni. Walikuwa wameshamwambia akusanye vitu vyake. Alikuwa mrefu kwa umri wake wa miaka kumi na mitatu, mikono mirefu, macho yanayotua juu ya kitu na kukaa hapo. Alikuwa amepewa jina la mama wa baba yake, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulipaza jina la mkwe ndani ya nyumba ile, wakamwita Bibi tangu akinyonya. Ukimwuliza Bibi kama ameshiba, kwanza atatazama sahani.

Walipofika katikati ya uwanja, kichwa kimoja kilichomoza dirishani, kisha vitatu. "Kobe! Kobe anahama! Kobe, usikimbie, utaanguka!"

Mama Bibi aligeuka, lakini vichwa vilikuwa vimeshazama. "Nani Kobe?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

"Mbona hukuniambia?"

Bibi alitembea hatua kama kumi, akilifikiria swali. "Hukuwa umeniuliza," akasema. Wala hakusema kwa ubaya.

*

Baba yake alikuwa mwenye bucha pale njia panda, na watu walimwita Kilo. Alikuwa na kifua kipana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na kwenye ukuta wa bucha, karibu na kioo, alikuwa ameibandika ile orodha ya shule. Mteja akisubiri kukatiwa nyama, macho yake hayakuwa na pengine pa kwenda. "Hiyo ya juu kabisa ndiyo ya binti yangu," Kilo alizoea kusema, kama aliyeijenga kwa mikono yake.

Mkewe alipompa ile barua aliisoma akiwa amesimama, kisu mkononi. Kisha akacheka.

"Hili jambo dogo, Mama Bibi. Mwalimu mkuu ni mteja wangu. Anakula nyama yangu kila Jumamosi. Niachie mimi."

"Usiende, Baba Bibi. Barua ilipigwa mhuri kabla sijafika."

"Wewe ulikwenda mikono mitupu. Mtu mzima hatembelewi mikono mitupu."

Asubuhi alichagua steki isiyo na hata uzi wa mafuta, akaifunga vizuri, akavaa shati la kuendea harusini, akaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu. Alipokelewa kwa heshima zote. Alipewa kiti chenye mto. Mke wa mwalimu aliitwa aje kulipokea furushi, akalipeleka jikoni, na Kilo akasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa.

"Umejisumbua bure, ndugu yangu," alisema mwalimu mkuu.

"Si kitu. Nilikuja kidogo kuhusu binti yangu."

"Ah, binti! Nimemwandikia barua nzuri mno. Nimemsifia adabu yake mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna shule itakayomkataa."

Kilo alikaa kidogo zaidi, akanywa chai aliyoletewa, akaaga. Hakumsimulia mkewe kilichotokea. Alimwambia tu, "Yule mtu mgumu," na siku mbili zilizofuata alipasua mifupa kwa nguvu kuliko ilivyohitaji kupasuliwa. Habari zenyewe Mama Bibi alizisikia kwa mfanyakazi wa mwalimu mkuu, aliyeleta gauni kupunguzwa kiuno, na hakumgusia mumewe. Mwanamume aliyerudi mikono mitupu ana haki ya kunyamaza.

*

Alifunika cherehani kwa shuka, akamshika Bibi mkono, wakaenda kwenye shule iliyo karibu na barabara kuu. Hiyo ilikuwa ya kumi na tisa. Walimkuta mwalimu wa zamu, kijana mwenye macho mekundu, anasahihisha madaftari kwenye meza iliyowekwa ukumbini kwa kukosa ofisi. Darasa lililokuwa nyuma yake lilikuwa na watoto wengi hivi kwamba wa mwisho walikuwa wamesimama mlangoni.

Alisoma barua, akaikunja vile vile ilivyokuwa. "Namba Moja. Wewe ni wa nne tangu Jumatatu."

"Wa nne?"

"Huu ndio msimu wenyewe, mama. Kabla majina ya darasa la mtihani hayajasajiliwa." Akamtazama Bibi, akamtazama mama. "Nikwambie ukweli au nikupe maneno matamu?"

"Ukweli, mwanangu. Maneno matamu nimeshapewa."

"Tumeambiwa mwaka huu tuingie kwenye kumi na tano bora, la sivyo mkuu wetu anahamishwa. Nikimpokea huyu, mimi ndiye nitakayeulizwa." Akashusha sauti. "Nendeni Makapi. Kule hawamkatai mtu."

Makapi ilikuwa shule ya arobaini na moja. Makapi ndiyo yale yanayobaki kwenye ungo baada ya kupepeta, na jina hilo lilikuwa limezoeleka hivi kwamba watu walilitaja bila kutaka kutukana.

"Hivi shule ile haina jina lake?" Mama Bibi aliuliza.

Kijana alifikiri, kalamu juu ya daftari. "Inalo," akasema. "Nimelisahau, mama. Nisamehe."

Njiani kurudi Mama Bibi alitembea mbele, haraka. Alikuwa akimwona mkwe wake, mawifi, wateja wake, kila mmoja na midomo yake. Mwishowe ni Bibi aliyesema, "Mama, si tukaangalie tu? Kuangalia si kununua."

*

Walitembea karibu saa moja na nusu, wakapanda kilima, wakateremka, wakavuka daraja la magogo. Makapi ilikuwa na majengo matatu, na paa la moja lilikuwa la mabati ya rangi tatu, kama nguo iliyoungwa kwa vipande vya vitambaa. Hakukuwa na geti. Jicho la fundi lilikwenda moja kwa moja kwenye sare za watoto waliokuwa wakimwagilia miche. Zilikuwa zimechujuka, viraka tele, lakini viraka vile vilishonwa kwa mkono, mshono wa ndani kwa ndani, kingo zimekunjwa sawasawa.

"Nani amekushonea hiki?" alimwuliza msichana mmoja.

"Mimi mwenyewe. Ijumaa tunafundishwa, wavulana pia."

Mwalimu mkuu walimkuta darasani, chaki mkononi. Alikuwa mama mfupi mwenye mvi mbele ya kichwa, sweta lake limeota weupe wa chaki kwenye viwiko. Mama Bibi alidhani ni mwalimu wa kawaida, akamwuliza mkuu yuko wapi.

"Ndiye mimi, mzazi. Ila sasa hivi niko ndani ya hesabu. Kaeni pale nyuma, tukimaliza tutazungumza."

Wakakaa. Ubaoni kulikuwa na swali: tangi lina lita mia mbili na arobaini, asubuhi inatumika theluthi moja, jioni inatumika robo ya yaliyobaki. Yanabaki mangapi?

"Mia moja!" alisema msichana wa mstari wa mbele.

Mama Bibi alisubiri kicheko. Kule Namba Moja alikuwa amewahi kukisikia, siku za wazazi. Hapa hakuna aliyecheka.

"Umepitia wapi?" mwalimu aliuliza. "Njoo utuonyeshe njia."

Msichana alikwenda ubaoni, akaonyesha. Alikuwa ametoa themanini, kisha akatoa robo ya tangi zima, sitini.

"Nani mwingine amepita hapo?" Mikono saba ikainuka, mmoja mmoja. "Haya, mnaona? Shimo hili lina watu. Basi tusilifukie haraka, tulitazame kwanza." Akageuka nyuma. "Na mgeni wetu, utatusaidia kutoka?"

Bibi aliinuka, akaenda mbele kwa mwendo wake, akapokea chaki, akasimama mbele ya ubao. Akasimama. Mtu mmoja alikohoa. Mvulana mmoja alifungua mdomo kutaja jibu, na mwenzake akamgusa kiwiko: "Ngoja." Ilionekana ni neno la humo ndani, baadaye Mama Bibi alikuja kujua kwamba mwalimu yule watoto walimwita Mwalimu Ngoja, na kwamba yeye mwenyewe alijua na hakujali.

Mwalimu Ngoja hakumtazama Bibi. Alitazama nje ya dirisha, ametulia, kama mtu aliyeteleka maji na anajua yatachemka. Muda ukapita, muda ambao fundi angeweza kupinda upindo wa sketi nzima. Mama Bibi alitaka kuinuka, aseme tusamehe, mwalimu, tunakwenda zetu.

Kisha Bibi akachora tangi. Akaligawa mafungu matatu, akafuta moja. Yale mawili akayagawa tena, yakawa manne, akafuta moja. Akahesabu kwa kidole. Akaandika mia moja na ishirini.

"Ndiyo," mwalimu alisema.

Lakini Bibi hakurudi kukaa. Alikuwa bado analitazama tangi lake. "Mwalimu," akasema, "ni nusu. Kwanza theluthi, halafu robo ya yaliyobaki, yanabaki nusu ya tangi. Hata lingekuwa tangi lingine."

Mwalimu Ngoja alikaribia ubao. Alitazama mchoro kwa muda. "Nimefundisha swali hili miaka tisa," aliliambia darasa, "na leo ndiyo nimeliona hilo." Akamgeukia Bibi. "Asante, mgeni."

Mama Bibi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, akatafuta muda mrefu.

*

Ofisi ilikuwa pia ghala la majembe. Mwalimu Ngoja alimpa Bibi kitabu, akamwomba asome ukurasa mmoja kwa sauti, akasikiliza bila kumkatiza. Kisha akamtuma akaone miche.

"Hesabu anaijua, ila hana haraka," alisema. "Kusoma, nisikufiche, yuko nyuma mwaka mzima. Neno likiwa refu anakisia mwisho wake. Amekisia miaka mingi na hakuna aliyemrudisha. Tutaanzia hapo. Miujiza sikuahidi, mzazi."

Alifungua daftari kubwa la uandikishaji. Kulikuwa na safu ya majina, na pembeni safu nyingine: alikotoka. Mama Bibi alisoma kwa kidole. Kati ya watoto arobaini na wawili wa darasa lile, ishirini na sita walikuwa wameletwa na barua kama yake. Kumi na mmoja walitoka Namba Moja.

"Kumbe ndiyo maana mnakuwa wa mwisho," alisema, na neno lilipotoka ndipo akaona limetoka vibaya.

Mwalimu Ngoja hakuudhika. "Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba hatuna mwalimu wa sayansi tangu mwaka juzi. Ninawafundisha mimi, na sayansi yangu ni ya kubabaisha."

"Na hamkasiriki? Wao wanachukua sifa, nyie mnaachiwa…" Hakutaka kumalizia.

"Nilikasirika miaka minne ya kwanza. Halafu nikaona hasira inanila muda wa kusahihisha." Alifunga daftari. "Hata mimi naweza kuchuja. Nikichuja leo, mwakani tutakuwa wa thelathini, nitapigiwa makofi kwenye mkutano. Lakini nitakaowachuja watakwenda wapi? Wao wana pa kuwatupia, wanatutupia sisi. Baada yetu hakuna shule nyingine, mzazi. Baada yetu ni nyumbani."

*

Jioni ile Kilo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma sahani.

"Makapi."

"Ningetaka ungemwona yule mama anavyofundisha."

"Makapi, Mama Bibi! Nimekata nyama pale njia panda miaka kumi na minne. Wilaya nzima inapita mbele yangu. Nitawatazamaje? Bora akae mwaka mmoja nyumbani, nimtafutie shule ya maana."

"Ya maana ndiyo iliyomfukuza."

"Haikumfukuza. Imeshauri."

"Na steki yako nayo waliishauri?"

Mama Bibi alijuta hapo hapo, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulikamata. Kilo aliinamisha kichwa. Ndipo Bibi, aliyekuwa amekaa muda wote akimtazama mmoja kisha mwingine, akafungua mdomo.

"Baba, unajua Namba Moja wananiitaje?"

"Wanakuitaje?"

"Kobe."

Kicheko kilimponyoka Kilo, kidogo tu, puani, kabla hajakizuia. Kisha akamwona mtoto anavyomtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri, kama aliyezoea kusubiri kicheko kiishe ili mambo yaendelee. Uso wa baba mtu ulibadilika rangi.

"Hata mwalimu?" akauliza, sauti imekauka.

"Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeanza."

Kilo aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akashika nguzo. "Mwaka mmoja," alisema akiwa amewapa mgongo. "Na msinitume mimi kumpeleka."

*

Maneno yalikuja kama Kilo alivyoyaogopa. "Bwana Kilo, nasikia siku hizi unauza makapi!" alisema dereva wa trekta, bucha ikiwa imejaa watu. Wote wakacheka. Kilo alipima nyama yake, akasimamisha mshale pale pale panapotakiwa, na kile kipande cha nyongeza alichozoea kumtupia kila mteja, siku ile hakukitupa. Usiku alikuwa na majibu mengi mazuri, lakini dereva alikuwa ameshakula nyama yake akalala.

Mama Bibi aliona mambo mengine. Aliona binti yake anaondoka alfajiri bila kusukumwa. Aliona anabaki shuleni na wenzake watano, saa nzima baada ya kengele, mwalimu akiwasikiliza mmoja mmoja wakisoma, na kila anayekisia neno anarudishwa mwanzo wa neno. Mchana wa Jumamosi Bibi alikaa kibarazani karibu na cherehani, akasoma kwa sauti chochote kilichopita mbele yake, magazeti ya kufungia nyama, maandishi ya kwenye magunia. "Wa-na-o-wa-ki-li-shwa," akasema siku moja, akatabasamu peke yake, kama aliyemaliza kupanda mlima.

Muhula wa pili Bibi aliugua homa, akakosa shule siku tatu. Siku ya tatu jioni mtu alibisha hodi. Alikuwa Mwalimu Ngoja, vumbi mpaka magotini, madaftari kwapani. Alikaa kitandani kwa mgonjwa nusu saa, akampa kazi aliyoikosa, akamwambia asiguse mpaka homa ishuke. Kilo alikuwa amerudi kutoka kazini. Hakujua akae wapi, wala mikono aiweke wapi. Mwalimu alipoaga, Kilo alikimbilia kwenye kapu lake, akarudi na furushi.

"Mwalimu, chukua kitu kidogo. Umetembea mbali."

"Asante, Baba Bibi. Siku ukinialika nitakuja nile mpaka uombe msamaha. Lakini kubebeshwa, hapana. Nikibeba hiki, kesho binti yako nitamtazama kwa jicho lingine, nami sitaki jicho lingine."

Alikwenda zake. Kilo alibaki mlangoni na furushi lake, akimtazama yule mama mfupi anavyoteremka njia, mpaka akapotea kwenye kona. "Huyu ndiye wa mwisho wilayani?" akauliza.

*

Siku ya mtihani wa hesabu Bibi alirudi ametulia. Baba yake ndiye aliyemuwahi njiani.

"Imekuwaje?"

"Sikumaliza."

"Yamebaki mangapi?"

"Kumi na moja. Mwalimu alituambia tusiache swali tupu, dakika za mwisho tutie alama popote. Lakini nilisahau kutazama saa. Nilikuwa kwenye swali zuri."

"Swali zuri!" Kilo alipiga paja. "Mama yangu, mtihani si wa kuonja! Hata kuku akidonoa alama kumi na moja, mbili zitakuwa sahihi!"

Bibi alilifikiria hilo la kuku. "Ni kweli," akasema.

Matokeo yalitoka baada ya wiki sita. Orodha mpya ilibandikwa ofisi ya elimu, na hakuna aliyeshangaa: Namba Moja juu, Makapi ya arobaini na moja. Dereva wa trekta alipita buchani kuitangaza. Kilo hakumsubiri amalize. Alifunga bucha saa nne asubuhi, jambo ambalo njia panda ile haikuwahi kuliona, akaenda nyumbani, akawaambia mkewe na binti yake wajiandae. Matokeo ya mtoto mmoja mmoja yalikuwa yamepelekwa mashuleni. Hivyo ndivyo alivyolivuka lile daraja la magogo kwa mara ya kwanza.

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Lugha, ishirini na tisa kati ya hamsini. Sayansi, ishirini na nne. Hesabu, thelathini na tisa. Jumla ilimtosha kuingia sekondari ya kutwa ya tarafa, ile ya kawaida, isiyo na sifa wala aibu.

"Amepita," Mama Bibi alinong'ona. Alimshika binti yake bega.

Mwalimu Ngoja alitoka ofisini. Uso wake ulikuwa umechoka. "Hongera, Bibi. Hongereni, wazazi. Ila nina deni la kuomba radhi. Nilimfundisha yote niliyoweza, nikasahau kumfundisha saa. Hilo ni kosa langu, si lake."

"Hapana, mwalimu," alianza Mama Bibi.

"Ngoja kwanza," Kilo alisema. Alikuwa bado anaitazama karatasi, amekunja uso, midomo inacheza. "Bibi. Siku ile uliacha mangapi?"

"Kumi na moja, Baba."

"Na yote yalikuwa mangapi?"

"Hamsini."

Mama Bibi alikuwa ameshafika kwenye jibu. Alimwona Mwalimu Ngoja naye ameshafika, wakatazamana, wakamwacha ahesabu mwenyewe. Kilo alirudi kwenye karatasi. Alikunja kidole kimoja, kingine, akavikunjua, akaanza upya. Maisha yake yote alikuwa akipima, na vipimo hivi vilikataa kumwingia kichwani. Hamsini, utoe kumi na moja. Akasoma tena ile namba mlangoni. Akaigusa kwa kidole, taratibu, kana kwamba wino ulikuwa bado mbichi.

"Hakukosa," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Yote aliyoyafikia… hakukosa hata moja."

Kilo aligeuka, akaenda haraka mpaka kwenye bomba la maji kule karibu na miche, akafungua maji, akainama. Alinawa uso, akanawa tena, akaendelea kunawa wakati hakukuwa tena na kitu cha kunawa. Mabega yake mapana yalikuwa yanapanda na kushuka.

Bibi alimtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Mama, Baba amekasirika?"

"Hapana, mwanangu. Mwache. Anafikiri." Mama Bibi alipangusa macho kwa upande wa kanga yake, akacheka. "Au ulidhani huo mwendo wako umeurithi kwangu?"